Kuku wa Nanasi

Walinialika, nikaenda, nikala, na kila tonge nililimeza pamoja na hasira yake. Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi uliopita, pale Ruiru, kwenye bustani ya hoteli mpya iliyojengwa mahali palipokuwa na shamba la kahawa. Wafanyakazi wa zamani walikuwa wamefungua kikundi cha simu, wakajichanga, wakamleta Bwana Marsel, mkubwa wetu wa zamani, kutoka kisiwani kwao tumwone kabla hajafa, au kabla sisi hatujafa. Sasa ni mzee, anatembea na mkongojo, lakini sauti ni ile ile ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisimama akatuhutubia kwa Kiingereza chake cha puani, na kijana mmoja akatafsiri. Alisema sisi watu wa Thika ndio tuliomfundisha kwamba chakula huanzia sikioni, kwamba uwaulize watu kwanza ndipo ubandike sufuria. Watu wakapiga makofi. Kisha akasema kuku wake wa nanasi alipendwa na kila aliyemwonja, kwamba karatasi za maoni anazo mpaka leo nyumbani kwake, na kwamba kilichomwangusha ni mpishi mmoja tu mkaidi. Jina la mpishi hakulikumbuka. Yule mama mnene wa kutoka magharibi, alisema, na meza nzima ikacheka.

Nekesa hakuwa mnene. Hilo la kwanza. La pili, zile karatasi anazozitunza utadhani ni hati ya shamba, niliziandika mimi, kwa mkono huu huu, na zilikuwa uongo kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Sikusimama kuyasema hayo pale bustanini. Nilimaliza soda yangu, nikaaga kwa heshima zote, nikarudi nyumbani Kahawa Sukari na hasira zangu, nikaketi kitini hata viatu sijavua. Ninaandika kwa sababu mdomo umenishinda miaka karibu thelathini, na sioni ukija kunisaidia sasa.

Jina la kampuni sitalitaja. Ilikuja kwa kelele, ikaondoka kimya, na haistahili hata heshima ya kutukanwa kwa jina lake. Ya baba na mama, na nyumba ya Majengo nilikozaliwa, nayaruka pia, maana wao hawamo katika haya. Naanzia mwaka wa tisini na sita, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nikiishi Kiandutu katika chumba kimoja cha mabati nilichogawana na Nekesa, mwanamke wa Bungoma aliyenizidi kama miaka kumi. Katikati tulitundika leso. Upande wa mlangoni ulikuwa wake, upande wa ukutani wangu. Majirani walimwita Mama Nafula, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa na sufuria aliyonitengea mimi peke yangu kwa ajili ya dini yangu ya Kiislamu, akaipiga alama ya rangi ya kijani isije ikachanganywa, ingawa sikuwahi kumwona akipika kitu ambacho mimi nisingekula. Sikuwa nimemwomba. Jumamosi alikaanga dagaa wa omena kwa nyanya na ndimu, akasonga ugali mgumu wa kushika kwa mkono, tukala tukiwa tumekaa kitandani kwake kwa sababu kigoda kilikuwa kimoja na kilikuwa kimebeba jiko. Nimekula kwenye meza nyingi tangu wakati huo, nyingine za watu wenye vyeo vyao, na sijakaribishwa hivyo tena.

Kupitia bati tulisikia maisha yote ya jirani yetu Wanjiru, ambaye alikuwa akivuna mananasi katika shamba kubwa nje ya mji. Kila jioni tulimsikia akiomba maji ya moto, kisha akivuta hewa kwa meno mikono ikigusa maji, maana majani ya mananasi hukata kama wembe na juisi yake huingia kwenye vidonda. Tulimsikia mumewe akimwambia ile harufu haitoki hata kwenye mto. Siku moja mtu aliwaletea watoto wake kipande cha nanasi, na Wanjiru akakitupa nje. Nanasi si chakula, alisema, nanasi ni kazi. Nilisikia hayo kwa masikio yangu, nikiwa nimelala kitandani, miezi mingi kabla ya Bwana Marsel kuniuliza watu wa Thika wanapenda nini. Nataka hilo lieleweke mapema, asije mtu akasema sikujua.

Nafula alikuwa binti wa Nekesa, msichana wa miaka saba. Mumewe Nekesa alipofariki, ndugu wa marehemu alimchukua mtoto akakaa naye Bungoma, akasema mama atapewa mwanawe siku atakapokuwa mtu wa kazi ya kueleweka, si kibarua wa leo yupo kesho hayupo. Alitaka barua yenye mhuri, na alitaka kuja kuona mwenyewe mahali penyewe. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushika neno, na watu wa namna hiyo wana ukatili wao. Kwa hiyo Nekesa alipopata kazi ya upishi kwenye hoteli ya kuku ambayo kampuni ile ilikuwa ikiifungua Thika, nami nikapata ya kuhudumia wateja, na tukaambiwa wapishi wa majaribio watapewa barua za kudumu mwezi wa Disemba sahani mpya ikifanya vizuri, alianza kuishi kwa ajili ya Disemba. Picha ya Nafula aliiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai ili isile vumbi. Alikuwa akiufungua asubuhi, akaitazama, akaufunika, ndipo tutoke.

Sasa Bwana Marsel. Yeye ndiye aliyekuwa meneja wetu, na kisiwa chao alituonyesha kwenye ramani: nukta, katikati ya maji. Hadithi yake tulisimuliwa wiki ya kwanza ya mafunzo, Ruiru, katika jiko kubwa ambako kuku walikuwa wakikatwa na kulowekwa viungo kabla ya kupelekwa Thika. Kampuni ilifungua kisiwani kwao na chakula kile kile inachouza ng'ambo, na hakuna mtu aliyekanyaga. Basi yeye, kijana wa jikoni tu wakati huo, akachukua sahani, akaenda sokoni, bandarini, makanisani, akawauliza watu wa kwao wanataka nini. Walitaka wali badala ya chipsi. Walitaka achari. Ijumaa walitaka samaki. Na juu ya kuku wa kukaanga walitaka duara la nanasi lililochomwa, na mchuzi wake mtamu. Kampuni ikawapa, na foleni ikafika barabarani. Kwa ajili hiyo akapandishwa cheo, akapewa nchi za watu azigeuzie ladha. Hadithi hiyo niliipenda, na nitampa haki yake: kule kwao alisikiliza kweli. Lakini kule alikuwa akiwauliza watu wa mama yake. Huku kwetu alipita na gari kando ya mashamba ya mananasi, ekari baada ya ekari mpaka macho yanachoka, akageuka kwangu akiwa tayari ameamua. Aliona shamba akadhani ameona sahani.

Hata hivyo ilibidi watu waulizwe, kwa sababu faili lake lilitaka hivyo. Tulikodi kumbi: ya kanisa Kiandutu, nyingine Ruiru, nyingine Mugutha. Watu waliitwa wale bure, kila mtu kipande cha kuku na duara lake la nanasi juu, mchuzi ukitiririka, na mkate laini pembeni. Mimi nilipita na fomu. Fomu zilikuwa na nyuso tatu zilizochorwa, moja inacheka, moja imenyamaza, moja imenuna, na kazi yangu ilikuwa kumuuliza mtu chakula amekionaje, kisha kuweka alama kwenye uso. Sasa niambie ni nani huku kwetu atakayeninunia. Awe Mwislamu wa Majengo, Mkikuyu wa Mugutha au Mluhya wa Kiandutu, mtu akikukaribisha chakula hukitoi kasoro mbele yake. Unasema ni kitamu, unasema umeshiba, unamwombea baraka, na mengine unayasema ukifika kwako. Bibi mmoja aliniuliza kwani mwenye chakula amefiwa, mpaka tumwekee uso wa huzuni. Wanjiru alikuja naye. Nilimwona akiuma, akitulia, akisukuma kwa maji. Kisha akanitazama akasema ni tamu sana, Mungu awabariki, akanionyesha kwa kidole kilichojaa mikwaruzo ule uso unaocheka.

Nikatoka nje kutupa maji machafu, nikamkuta nyuma ya ukumbi na wenzake. Alikuwa akiwaambia kwa Kikuyu, na Kikuyu nakielewa, kwamba harufu hiyo amelala nayo miaka sita na leo amelazimika kuila. Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Miguuni pao kulikuwa na lundo la maduara ya nanasi, mazima, hayajaguswa na jino, na kuku wa mtaa wakiyadonoa. Nilisimama na beseni mkononi. Kisha nikarudi ndani nikaendelea kuweka alama kwenye nyuso zinazocheka. Si hilo tu. Wale ambao hawakujibu kitu, wazee waliosinzia, akina mama waliotoka mapema, fomu zao nilizijaza mwenyewe, maana nilikuwa nimeona jinsi uso wa Bwana Marsel unavyong'aa akipitia karatasi, na alikuwa ameshaniambia kwamba anahitaji msimamizi wa zamu, mtu mwerevu, mtu wa hapa anayejua watu. Aliyenyamaza nikamchekesha. Ndivyo nilivyofanya kumbi zote tatu.

Nekesa alikuwa mpishi, hakupewa fomu, lakini macho alikuwa nayo. Tulipomaliza kule Kiandutu alichukua beseni, akaenda nyuma ya ukumbi, akaokota yale maduara moja moja, akayabeba mpaka mbele ya Bwana Marsel. Aliniita nitafsiri. Alisema watu wa hapa hawataki nanasi, wanalivuna. Aweke ugali mdogo, sukuma wiki, mchuzi wa kawaida na kachumbari, aone kama hawatajaa. Bwana Marsel hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba kila mahali penye watu kuna mabaki, akafungua faili, akamwonyesha nyuso zangu zinazocheka, safu kwa safu. Kisha akaniuliza mimi, maana ndiye niliyezungumza nao. Nilisema watu wakishiba huacha chakula. Nekesa aliniangalia muda mfupi tu. Usiku ule tulikula kama kawaida, na hakunisema. Nadhani alifikiri nimeogopa siku moja, na kwamba kesho nitatengeneza.

Hoteli ilifunguliwa mwezi wa Agosti, Thika, karibu na steji ya matatu, na baluni na kipaza sauti. Wiki ya kwanza walijaa, kwa sababu ya viti vipya. Walinunua chipsi na soda, wakajipiga picha. Kuku wa nanasi alirudi jikoni, sahani ikifuata sahani, duara likiwa limesukumwa kando. Wiki ya pili hawakuja. Kisha polepole mauzo yakaanza kupanda, na Bwana Marsel akawa anaimba asubuhi. Hakujua kwamba wafanyakazi wa viwandani walikuwa wamegundua dirisha la jikoni. Walikuwa wanainama pale wanauliza kwa sauti ya chini kama hakuna ya kawaida, na Nekesa akawakaangia kuku mkavu, bila mchuzi ule, akampa kila mtu na ugali aliousonga kwenye jiko la pembeni. Kwenye mashine ya malipo hakukuwa na kitufe cha ugali. Kila sahani ya Nekesa iliingia kama kuku wa nanasi, na kitufe nilikuwa nikikibonyeza mimi. Nilimwambia tutapatikana. Alisema Bwana Marsel anataka sahani ifanye vizuri, na inafanya vizuri, na Disemba si mbali.

Tulipatikana mwezi wa Novemba. Bwana Marsel alikuja saa saba mchana bila kusema, akiwa na mkubwa mmoja kutoka makao makuu na mtu wa kamera, awapige picha watu wa Thika wakifurahia nanasi. Akakuta meza zote kumi na kitu zimejaa wanaume wa viwandani wanamega ugali kwa mkono. Hakuna hata duara moja. Yule mkubwa aliuliza hii ni nini, na mteja mmoja, kwa nia njema kabisa, akamkaribisha aonje.

Tuliitwa Ruiru kesho yake, katika ghala la jiko kubwa, katikati ya magunia ya vitunguu na mikebe ya nanasi iliyopangwa hadi darini. Tulikuwa watatu: Bwana Marsel kwenye kiti, Nekesa amesimama, mimi pembeni nitafsiri. Nitampa haki yake tena, na inaniuma kumpa: hakupiga kelele. Alisema faili lake linaonyesha watu wanaipenda sahani, kwa hiyo kama hawaili, basi mpishi ndiye aliyewanyima. Lakini hataki kumwonea mtu. Kama kuna jambo ambalo karatasi hazikulisema, yuko tayari kulisikia sasa, na atalibadilisha lote. Nakumbuka aliweka kalamu mezani aliposema hivyo. Nikamtafsiria Nekesa neno kwa neno. Akanigeukia, na hakuonekana kuogopa hata kidogo, maana kwake jambo lilikuwa limekwisha. Shahidi yuko hapo, ni msichana anayelala naye chumba kimoja.

"Rukia," alisema, "mwambie tu ile kitu watu walisema huko nje."

Bwana Marsel akaniuliza anasema nini. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nikiisema, Nekesa anabaki, ugali unapata kitufe chake, na mimi ninakuwa mtu aliyejaza nyuso za uongo kwa miezi. Wengine wakisimulia mambo kama haya husema hawajui ni nini kiliwapata. Mimi najua. Nilikitaka kile cheo. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba watu walisema chakula ni kitamu, na kwamba huyu mama amekuwa akisema vingine tangu mwanzo. Nekesa hakujua Kiingereza kingi, lakini alijua cha kutosha. Alisema sawa. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya gunia la vitunguu. Siku ya tatu nilipewa barua yangu, kazi ya kudumu, msimamizi wa zamu, mhuri wa bluu.

Siku tisa hatukusemezana. Kodi ilikuwa imelipwa mpaka mwisho wa mwezi na hakuna aliyekuwa na pa kwenda, kwa hiyo tulilala pale pale, tukisikilizana pumzi. Sufuria yangu niliikuta imesogezwa upande wangu wa leso, imesuguliwa, safi. Hakunitukana, hakuwaambia majirani. Angenitukana ningelia, ningeomba msamaha, labda yangetengenezeka. Badala yake kila asubuhi alifungua mkebe wake, akaufunga, akatoka kutafuta kazi, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni ndoo. Na mimi, ambaye ndiye niliyemkosea, nikaanza kumchukia. Niliuchukia mgongo wake, kukohoa kwake, jinsi alivyokunja blanketi. Jioni nilikuwa najiambia ni mwenye kiburi, ni mjuaji, aliyataka mwenyewe. Nimeishi vya kutosha kujua sasa kwamba chuki ya namna hiyo haina dawa, kwa sababu unayemchukia hajafanya kitu ambacho unaweza kumsamehe.

Siku ya Alhamisi aliniongelesha, kutoka upande wake wa leso. Alisema amepata kazi ya upishi kwenye kantini ya kiwanda kimoja Ruiru, ya kudumu, anaanza Jumatatu, na barua atapewa siku hiyo hiyo. Lakini shemeji yake alikuwa ameandika kwamba wanaondoka Bungoma wiki hii na mtoto, na siku hakuitaja. Hapa Kiandutu hapajui. Hotelini ndiko atakakoenda, na yeye Nekesa mlinzi amekatazwa kumwacha hata asimame langoni. Kisha akaniambia:

"Wakija na uko zamu, sema nimetumwa Ruiru, nitarudi jioni. Hiyo tu. Sikuombi kitu ingine."

Nikasema sawa, Mama Nafula.

Walikuja kesho yake, Ijumaa, saa tano asubuhi. Nilimjua mtoto kabla hajafika mezani, kwa ile picha. Alikuwa na gauni la manjano na soksi nyeupe zilizopandishwa mpaka magotini, na alimshika babake mdogo kwa mkono mmoja na kwa mwingine alikuwa na mfuko wa karanga. Shemeji mwenyewe alikuwa mtu mrefu mwenye koti la mvua, mpole, akiuliza njia kwa kila mtu. Nikawakalisha karibu na dirisha. Nikawaletea sahani, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine tena jikoni, ilikuwa kuku wa nanasi. Mtoto alinusa, akaonja ncha ya duara, akalila lote, kisha akala na la babake mdogo. Mwaka mzima ule sikumwona mtu mwingine aliyelila kwa kupenda. Bwana Marsel, aliyekuwa kaunta, alimwona, akaja mpaka mezani na tabasamu lote, akaniuliza wageni hawa ni nani. Nikamwambia ni wageni wa kutoka mbali. Akampapasa mtoto kichwani, akaniambia unaona, unaona, akaenda zake.

Shemeji akaniuliza kwa heshima, dada, huyu mkubwa anasemaje kuhusu Nekesa. Elewa mahali nilipokuwa nimesimama. Bwana Marsel hakujua Kiswahili. Shemeji hakujua Kiingereza. Kati yao hakukuwa na mtu ila mimi, na ningeweza kusema lolote nilitakalo, na lolote ningesema lingekuwa ndilo. Uongo wenyewe nilikuwa nimepewa tayari, mfupi, wa siku tatu tu. Miezi mingi nilikuwa nimedanganya bila kutokwa jasho. Nikawaza vile anavyopita mbele yangu asubuhi.

"Nekesa hafanyi kazi hapa tena," nilisema. "Alifutwa."

Hakupandisha sauti. Aliniuliza lini, nikamwambia. Alihesabu kwa vidole, kimya kimya, akasema basi Nekesa alimwandikia uongo. Nilifungua mdomo niseme kuhusu kantini, kuhusu Jumatatu, lakini alikuwa ameshasimama, anafunga vifungo vya koti. Kuna basi la saa nane, alimwambia mtoto, tunarudi. Nafula alimuuliza kama mama yuko kwenye hilo basi. Kisha akageuka kwangu, akanipa kipaja cha kuku ambacho hakuwa amekigusa, akaniomba nimfungie kwenye karatasi, ni cha mama. Nikakifunga. Nilipotoka nacho jikoni walikuwa wameshavuka barabara, na ile soksi moja ilikuwa imeshuka.

Nekesa alirudi chumbani saa kumi na moja, jua bado lipo. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake, upande wa mlangoni, karatasi mapajani. Akaiangalia, akauliza ni nini. Nikamwambia ni kipaja cha kuku, kimetoka kwa Nafula. Uso wake ukafunguka wote. Akatazama nyuma ya leso, kisha akatoka mbio mlangoni, akitazama huku na huku kwenye ujia, akimwita mtoto.